Vivuli Vilivyolalia Kushoto

Tangu asubuhi Herufi hakaliki. Akikaa, kiti kinamchoma. Akisimama, anakuta hana pa kwenda. Akaenda dirishani akachungulia uani, akarudi mezani, akafungua kizibo cha wino, akakifunga, kisha akaenda kunywa maji asiyokuwa na kiu nayo. Ilikuwa glasi ya tatu, na saa nne ya chai bado haijafika.

"Wewe una nini leo?" kaka yake akamuuliza bila kuinua kichwa. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Mgongo, Kaka. Nanyoosha mgongo."

"Unyooshe ukiwa umekaa. Unanitikisia sakafu."

Herufi akakaa. Sakafu yenyewe ilikuwa ya saruji, hata tembo angepita isingetikisika, lakini siku hizi kaka yake hakosi cha kulaumu. Jana ilikuwa nibu mbovu. Juzi ilikuwa lori lililopita barabarani. Mkono wake mwenyewe haujawahi kutajwa hata siku moja.

Walikuwa wamekaa katika chumba hicho cha juu, chenye meza mbili na dirisha moja, miaka ishirini na miwili. Kaka anachora, dada anaandika. Kila neno lililotoka kinywani mwa mtu yeyote katika vitabu vyao vya katuni lilipita kwenye kalamu ya mama huyu, herufi kubwa zilizosimama wima kama askari wa gwaride. Ndiyo maana wakamwita Herufi, jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu.

Kitabu cha sasa kiliitwa *Tai wa Bati*. Shujaa wake ni mwanamke, fundi wa kuchomelea mageti. Uovu ukitokea anavaa mbawa alizojitengenezea mwenyewe kwa mabati, anaruka, na mji mzima unamsikia anavyokuja, maana bati halijui kunyamaza.

Toleo la mwezi huu, la thelathini na moja, halikuwa la Tai. Lilikuwa la adui yake, Bwana Nyufa. Huyu zamani alikuwa fundi vioo. Kila Tai alipouokoa mji alivunja madirisha, na kila dirisha alilirudishia kioo yeye, mpaka siku moja akachoka kufagia baada ya sherehe za wenzake. Sasa anakusanya kikosi. Wala hatishi mtu. Anamwendea aliyesahauliwa, anamletea kitu chake cha zamani kilichovunjika, kimeshaungwa vizuri, anakiweka mezani na kuuliza: "Nani mwingine amekuja kukuona?" Basi. Mtu anavaa viatu vyake, anamfuata.

Herufi alikuwa ameiandika sentensi hiyo mara nne katika viputo vinne vya maneno, na mara zote nne nywele za mkono zilimsimama.

Ukurasa wa ishirini ndio uliokuwa kazi yenyewe. Picha moja, ukurasa mzima: kikosi chote kimeizunguka meza ya kioo. Bwana Nyufa kichwani. Bibi Ukungu, akipumua barabara inapotea. Mlamba Taa, anayekula mwanga. Mapacha wawili wa Kutu, wakigusa bati linaoza. Na wa mwisho amejifunika shuka gubigubi, haonekani hata kidevu. Picha ya namna hiyo inabebwa na vivuli. Vivuli vikiwa vibaya, wabaya wote wanaonekana kama wageni waliokuja kuposa.

Na vivuli huchorwa kwa mistari myembamba, mamia kwa mamia, iliyolala pamoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Kaka alikuwa mezani akiipiga tangu saa moja na nusu. Kutoka alipokaa, Herufi aliiona jinsi inavyopinda.

Ijumaa iliyopita Mhariri alimkamata kwenye ngazi. Mhariri alikuwa mwanamke mwenye umri wa mwanawe, mtaratibu wa kuongea, na jicho kama sindano.

"Mama, mkono wa mzee umeanza kutetemeka, au ni macho yangu?"

"Macho yako, mwanangu. Kapime."

Mhariri akatabasamu, lakini hakucheka. "Toleo hili nitalitazama mwenyewe, kurasa zenyewe, siyo nakala. Likiwa safi tunaendelea. Lisipokuwa safi, yuko mchoraji mwingine, anachora kwenye kompyuta, namkabidhi kitabu. Jumatano saa sita nitapanda."

Jumatano ndiyo leo.

"Kitendawili," Kaka akasema ghafla, akaweka kalamu chini na kukunjakunja vidole. Walikuwa wakitegeana hivyo tangu utotoni. Ndiyo njia yao ya kupumzika.

"Tega."

"Mdomo wangu uko nje ya uso wangu."

"Kiputo. Hicho umenitegea toka toleo la kwanza, Kaka, mpaka kimeota mvi. Huendi chai leo?"

"Namalizia kivuli."

"Mzee wa Mashine anakusubiri. Chai ikipoa atanuna mpaka kesho."

"Anune. Unanifukuza?"

"Nikufukuze nibaki na nani?" Herufi akacheka. Siri yake yote ilikuwa katika nusu saa hiyo ya chai. Kaka asipoondoka, kazi imeharibika.

Siri ilikuwa hivi. Tangu toleo la ishirini na tisa, kila Kaka aliposhuka kunywa chai na Mzee wa Mashine, mtu wa mtambo wa kuchapa, Herufi alikaa mezani pake. Alikwangua kwa wembe mistari iliyopinda, akapaka rangi nyeupe penye madoa, akaichora upya. Aliyejua habari ya mkono wa Kaka ni wifi yake peke yake, na hata na yeye hawakuongea waziwazi. Siku moja tu jikoni wifi alisema, "Siku hizi namimina chai nusu kikombe. Anasema anapenda nusu." Wakatazamana. Yakaishia hapo.

Tena alichora kwa mkono wa kushoto. Shuleni mwalimu alimpiga rula mpaka akajifunza kuandika kwa kulia, na ule wa kulia ndio uliompa kazi na jina. Lakini kuchora hakuna aliyemfundisha. Kuchora alijifunzia nyuma ya jiko, yeye na kaka yake, kwa vipande vya mkaa kwenye ukuta ambao mama yao alikuwa akiupaka chokaa kila mwezi huku akiwatukana. Huko hakukuwa na rula, mkono wa kushoto ukabaki na ufalme wake.

Sasa, mtu wa kulia akipiga mistari ya kivuli, inalalia kulia. Mtu wa kushoto, inalalia kushoto. Herufi alilijua hilo, kwa hiyo kila mara aliigeuza karatasi ubavu ndipo apige, mistari ikatoka imelala kama ya kaka yake, na hakuna aliyetambua. Tena walisifiwa. Juu ya meza ya Kaka palikuwa na barua ya msomaji, imebandikwa kwa pini: *Ule moshi wa ukurasa wa saba, toleo la ishirini na tisa, niliunusa.* Kaka aliisoma kwa sauti kila alipotembelewa na mtu. Moshi ule ulikuwa wa Herufi wote.

Saa nne na robo ndipo Kaka aliposimama, akavaa kofia, akatoka. Herufi akahesabu ngazi kwa masikio mpaka ya mwisho. Akaruka.

Loo! Ukurasa ulikuwa mbaya kuliko alivyoogopa. Mistari ya Bibi Ukungu ilikuwa kama nywele za mtu aliyeamka. Aliyejifunika shuka alikuwa na kivuli chenye mashimo. Herufi akashika wembe, akakwangua, akapuliza vumbi, akapaka nyeupe, akapepea kwa daftari ikauke. Akachovya nibu. Akammaliza Bibi Ukungu. Akammaliza Mlamba Taa. Jasho linamtiririka kwapani, sikio moja liko mlangoni. Wa shuka. Pacha wa kwanza.

Akasikia viatu kwenye ngazi. Jozi mbili.

Alirudi mezani kwake akiwa hajui amefikaje, akashika kalamu yake ya kuandikia kwa mkono wa kulia, akainamia kiputo ambacho kilikuwa kimeshajaa maneno. Hapo ndipo akakumbuka. Ukurasa wa ishirini ulikuwa mkubwa kuliko nyingine. Kaka alikuwa ameubana ubaoni kwa pini nne. Herufi katika haraka yake hakuzing'oa. Hakugeuza karatasi.

"Nimemkuta Mhariri kwa Mzee wa Mashine," Kaka akasema akiingia. "Anasema amewahi."

"Shikamoo, Mama," Mhariri akasema. "Nina kikao saa sita, nikaona nianze na nyie. Mzee, nione."

Alizitazama kurasa moja moja, amesimama, kioo cha kukuzia jichoni. Chini mtambo ulikuwa ukihema. Herufi alikaza miguu yote miwili sakafuni isimpeleke dirishani. Ukurasa wa kumi. Wa kumi na tano. Alipofika wa ishirini, Mhariri akauinamia pale ubaoni. Kioo kikaenda, kikarudi. Kikaenda tena.

"Mzee, hebu njoo. Hawa wanne vivuli vyao vimelalia kushoto. Huyu pacha wa pili, na Bwana Nyufa, na ukuta wote, vimelalia kulia. Imekuwaje?"

Kaka akachukua kioo. Herufi alimwona kisogo tu. Kisha kidole kikasimama juu ya yule wa shuka, na kichwa kikageuka taratibu. Hakumtazama usoni. Alimtazama mkono wa kushoto, uliolala juu ya meza na doa la rangi nyeupe kwenye kidole gumba.

Herufi akauficha mapajani, kama mtoto. Amechelewa.

Kaka akamgeukia Mhariri. "Ni makusudi," akasema.

"Makusudi?"

"Ndiyo. Aliyekubali kuingia kikosini, kivuli chake kinageuka. Msomaji mwenye akili ataona. Asiye na akili atahisi tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, atageuka kutazama mlango wake."

Mhariri akauinamia tena ukurasa. "Na Nyufa mwenyewe? Chake mbona hakijageuka?"

"Nyufa hajaingia kwa mtu. Watu ndio wameingia kwake."

Herufi hakuamini masikio yake. Ndugu huyu, uongo wa kuchelewa nyumbani tu ulikuwa ukimshinda, leo anatunga kama ameandikiwa!

Mhariri akatikisa kichwa kwa kukubali. Alikuwa amependa, ilionekana usoni. "Na pacha huyu wa pili?"

"Huyo… sijamfikia kumgeuza."

"Mfikie basi," Mhariri akasema, akavuta kiti, akakaa. "Mimi nipo."

Sasa hapo pakawa hapana pa kukimbilia. Kaka akavua kofia, akakaa. Akashika kalamu. Nibu ikagusa shingo ya chupa ya wino: ti-ti-ti-ti. Akaitoa, akapumua, akairudisha. Ti-ti-ti-ti-ti. Sauti ndogo tu, kama ya mdudu aliyenaswa ndani ya kibiriti. Hakuna lori lililopita. Hakuna aliyetembea. Mhariri alitazama chupa, akainua macho kwenye barua ya ukutani, akayashusha tena.

Herufi akasimama.

"Kaka, niachie."

"Kaa chini."

"Nimekaa miaka ishirini na miwili. Niachie."

Hakumwachia, vidole ndivyo vilivyoachia. Herufi akaipokea kalamu kwa mkono wa kushoto, mbele ya watu, mchana kweupe, akainama juu ya bega la kaka yake, akakwangua kwa wembe mistari ya zamani, akaanza kumpigia pacha wa pili kivuli. Mstari, mstari, mstari. Yote ikalalia kushoto. Ajabu, miguu iliyohangaika tangu asubuhi ilitulia tuli.

Alipomaliza, Mhariri aliuliza, "Tangu lini?"

"La ishirini na tisa."

Kaka akafumba macho. Herufi alijua anapiga hesabu ya moshi wa ile barua.

"Mama," Mhariri akasema, sauti imeshuka, nzuri, "mkono kama huu umeufungia kwenye viputo miaka yote? Hakuna aliyewahi kukuuliza? Kwa nini nisikupe meza hii wewe peke yako? Humuhitaji mtu."

Swali lilikuwa tamu. Herufi alilisikia likimshuka mpaka tumboni. Na nywele za mkono zikamsimama, zilezile, maana maneno ya namna hiyo, ya Bwana Nyufa, alikuwa ameyaandika kwa wino mara nne mwezi huu.

"Mwanangu, njoo hapa," akasema. "Mtazame huyu pacha. Mguu wake chini ya meza umeelekea wapi?"

Mhariri akainama. "Mlangoni."

"Ameshakaa kikosini lakini anataka kutoka, na hathubutu. Hilo halimo kwenye maneno, mimi ndiye ninayeyaandika. Nani amelijua? Huyu, na penseli yake. Ukinipa mimi karatasi tupu nikuchoree mtu huyo, nitakuchorea mtu amekaa. Basi. Atakuwa na kivuli kizuri sana, na hana anachotaka."

"Penseli nayo inatetemeka," Mhariri akasema.

"Itetemeke. Mimi ninajua alikokuwa anaipeleka."

Kaka alikuwa akiutazama ule mguu wa pacha.

Mhariri alizunguka chumba mara mbili. Sasa ikawa zamu yake kutokukalika. Mwishowe akaung'oa ukurasa ubaoni, pini moja baada ya nyingine, akaulaza juu ya wenzake. "Huu unakwenda kuchapwa. Jalada la mwezi ujao nampa yule mchoraji mwingine, hilo nimeshaamua na silirudishi. Kurasa za ndani endeleeni, kwa mkono wowote, ila mimi nijue ni mkono wa nani. Na majina yatakuwa mawili." Akafika mlangoni, akageuka. "Macho nilipima, Mama. Ni mazima."

Walipobaki wawili, Herufi alingoja kelele. Kelele angeziweza. Kaka akafuta nibu, akazipanga penseli, akang'oa barua ya ukutani, akaikunja mara mbili na kuitia mfuko wa shati. Akavaa kofia. Hakuaga.

Jioni hiyo nyumbani Herufi alifua nguo zilizokuwa safi. Alimpigia simu wifi yake, akakata kabla haijaita. Akapanga vikombe, akavipangua. Kazi imepona, alijiambia; kama Kaka hatamsemesha tena, kazi hiyo ataifanya na nani? Kulipokucha alikuwa ameshavaa.

Alifika kabla ya wafagiaji, akakuta mlango wa chumba cha juu uko wazi. Akasimama kizingitini.

Meza kubwa ya Kaka ilikuwa imegeuzwa. Miaka yote ilikaa dirisha likiwa kushoto, kama inavyompasa mtu wa kulia, asiufunike wino kwa kivuli cha mkono wake. Sasa dirisha lilikuwa kulia. Miguu ya meza ilikuwa imekwaruza saruji, mistari minne mirefu. Mtu aliivuta peke yake, na haikumjia kirahisi. Ile barua ya msomaji ilikuwa imebandikwa upande wa mwanga, imenyooshwa makunyanzi. Kaka mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kameza ka Herufi, magoti yamebanwa, penseli mkononi, chupa ya chai pembeni na vikombe viwili.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Umechelewa."

"Jua halijatoka vizuri!"

"Limeshafika mezani kwako. Angalia." Akaendelea kuchora. Penseli ilitetemeka, ikafika ilikokuwa inakwenda. "Mama aliupaka chokaa ukuta ule mara ngapi?"

"Acha tu. Na siku zote lawama yangu."

"Nilikuwa namwambia ni wewe."

"Nilijua, mwongo mkubwa."

Kaka akacheka puani, kidogo. Kisha akasema, "Kitendawili."

Herufi akavuka kizingiti. "Tega."

"Watu wawili, mikono mitatu, kazi moja."

Herufi akahesabu. Wa kulia wa herufi. Wa kushoto wa vivuli. Wa kaka wa penseli. "Huo wa nne uko wapi?"

"Ndilo swali lenyewe. Hujui? Nipe mji."

"Chukua mji wa Tai."

"Mji gani huo, hauna hata dirisha zima!" Lakini alikuwa ameupokea. Akainua mkono wake wa kushoto, wenye kikombe kitupu. "Wa nne unangoja chai. Mimina, mdogo wangu."

Herufi akafungua chupa, akainamisha. Mvuke ukapanda kati yao.

"Nusu tu," Kaka akasema. "Ukijaza namwaga. Mikono inanitetemeka."

"Haya, Kaka," akajibu, akamimina nusu. Kisha akaenda kwenye meza kubwa, akavuta kiti, akakaa.